Tumbo Si Puto

Mimi kazi yangu ni kukata samaki. Nimekata samaki miaka thelathini, na sasa viganja vinaniuma hata kabla sijashika kisu. Naitwa Verna Dardar. Mume wangu ni Alcide, nahodha. Tunakaa Chauvin, kijiji cha wavuvi kando ya Ghuba, kwenye nyumba iliyonyanyuliwa juu ya nguzo kwa sababu ya mafuriko. Kila alfajiri nashuka ngazi kumi na nane huku naguna. Alcide ananifuata kwa upande, kama kaa, maana magoti yake yamekwisha. Hatusemezani mpaka kahawa iishe.

Wageni hufika saa kumi na moja. Wanatoka mjini na kofia mpya na utani mwingi. Tunawapeleka baharini kuvua kwa ndoana. Wanavua, tunarudi, nawakatia samaki wao, wanaondoka. Zamani tulikuwa na msaidizi, akahamia Texas. Basi msaidizi nikawa mimi.

Miaka yote hiyo tulikuwa tunakwenda mahali pamoja. Mwendo wa saa mbili na nusu kutoka gatini palikuwa na mtambo wa mafuta, jukwaa kubwa la chuma lililosimama baharini kwa miguu minane. Mafuta yake yalikwisha siku nyingi. Watu wake waliondoka, ikabaki kutu na ndege. Sisi tuliuita Ajuza. Lakini chini ya maji Ajuza alikuwa kijana. Miguu yake ilikuwa imeota chaza. Samaki wadogo walijificha humo, wakubwa wakafuata wadogo, na changu wekundu wakajaa tele. Ungeshusha ndoana, ukahesabu mpaka kumi, tayari mshipi unavutwa.

Huku kwetu changu asiyefika inchi kumi na sita hatakiwi kuchukuliwa. Lazima arudi majini. Na hata wale wakubwa, kila mtu ana idadi yake. Kwa hiyo kila safari tulirudisha samaki wengi, pengine thelathini, pengine arobaini.

Sasa sikiliza vizuri, maana kosa letu liko hapa.

Changu akipandishwa kutoka kina cha futi mia na hamsini, anafika juu amevimba. Macho yamemtoka. Mdomoni ametokeza kitu laini, cha rangi ya waridi, kama puto. Gatini kwetu sote tuliliita hivyo hivyo, puto. Baba yake Alcide, marehemu Ovide, alimfundisha mwanawe hivi: "Hilo puto ndilo linalomfanya aelee. Litoboe, upepo utoke, azame kwake."

Basi Alcide akawa na shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia. Aliichomeka kwenye mkanda wa kofia. Manahodha wengine walikuwa wanawatupa samaki tu, liwalo na liwe. Alcide hapana. Alimshika kila mmoja kwa mkono uliolowa, akatoboa puto taratibu, akamwambia, "Haya, nenda nyumbani." Alikuwa na huruma. Bado naumia nikilisema neno hilo.

Wengine walizama. Wengine walielea matumbo juu, meupe, na pomboo wakaja kuwala. Niliwaona. Nilikuwa nimechoka, nikajiambia bahari ni kubwa.

*

Mwaka juzi, mwezi wa tano, wenye mtambo walitoa tangazo. Ajuza anaondolewa. Ndiyo kanuni: kisima kikikauka, chuma nacho kitoke. Mitambo mingine huangushwa ikalala huko huko chini, ikawa makao ya samaki. Ajuza hakuwekwa kwenye orodha hiyo.

Tulikwenda kuangalia kwa mbali. Walikata miguu yake kwa baruti, chini ya udongo wa bahari. Maji yalitikisika kidogo tu. Baadaye samaki wakaanza kuelea, mmoja, kumi, kisha sikuhesabu tena.

"Wauaji," alisema Alcide.

Alilisema neno hilo wiki nzima. Alilisema juu ya sahani ya wali na maharage. Alilisema kanisani, tena kwa sauti ambayo padri aliisikia.

Ikabidi tuhamie Nundu. Nundu ni kilima cha mwamba chini ya bahari, kazi ya Mungu mwenyewe, si ya fundi. Ni mbali zaidi, saa nzima ya mafuta ya ziada. Safari ya kwanza samaki walikuwa wa kuhesabika. Mgeni mmoja, daktari wa meno kutoka Baton Rouge, alikaa na fimbo yake ya kuvulia mapajani mpaka usingizi ukampitia.

"Kapteni," alisema alipoamka, "tangazo lako lilisema samaki. Halikusema mandhari."

Alcide alicheka kwa meno tu. Safari ya tatu tulipandisha samaki arobaini wadogo ili tupate kumi wa kuchukua. Ya tano ilikuwa mbaya kuliko ya tatu.

Jioni hiyo alikaa kwenye ngazi ya chini kabisa, hakupanda. Nilimletea bia. Nikakaa ngazi ya juu yake, maana mimi pia sikuwa na nguvu ya kupanda.

"Verna, maji yamenifika hapa," alisema, akagusa shingo. "Kuna kijana wa Grand Isle anaitaka mashua. Nadhani nimpe."

"Halafu tutafanya nini?"

"Nitapumzika."

"Wewe hujui kupumzika. Utakaa jikoni unikosoe wali."

"Basi nitajifunza. Samaki wamekwisha, mke wangu. Ajuza amekufa, na Nundu haina kitu. Mimi nahodha wa nini? Wa maji ya chumvi?"

Nilikuwa na umri wa miaka hamsini na tisa na sijawahi kufanya kazi nyingine. Niliogopa, nakwambia kweli. Mashua ikienda, sisi ni wazee wawili juu ya nguzo.

*

Wiki iliyofuata alikuja Hanh.

Hanh Doan ni binti wa jirani yetu, mvuvi wa kamba, ng'ambo ya mfereji. Tumemwona tangu anaburuta ndoo iliyomzidi kimo. Alikwenda chuoni, akarudi. Sasa kazi yake ni kuhesabu samaki wa Ghuba. Alitaka kukodi mashua yetu siku mbili.

"Unawahesabuje?" Alcide alimuuliza. "Unawapanga mstari?"

"Nashusha kamera, Mzee. Na kuna chombo kinachotuma sauti chini, sauti inarudi na habari. Na wengine tunawavua, tunawapima, tunawarudisha na kibandiko chenye namba."

"Mimi nitakuokolea muda. Andika: hakuna."

"Nikiandika hivyo chuoni watanifukuza," alisema Hanh, akapakia kamera zake.

Tulifika Nundu asubuhi. Hanh alishusha kamera, sisi tukaangalia kwenye kioo chake. Miaka thelathini nimekaa juu ya maji haya, na sikuwahi kuona chini. Kulikuwa na mwamba wenye mianya, na vitu kama mapepeo ya mkono vikiyumba na mkondo. Changu walikuwepo. Hawakujazana kama kwa Ajuza. Wawili hapa, watano pale. Na mmoja alipita polepole mbele ya kamera, mkubwa, mnene, wa rangi nyekundu iliyokolea.

Alcide aliinama mpaka pua ikakaribia kioo.

"Yule ana miaka mingapi?"

"Pengine ishirini. Wanafika hata hamsini."

"Hamsini? Changu?"

"Ndiyo, Mzee. Wale mliowazoea kwa Ajuza wengi walikuwa na miaka miwili, mitatu, mitano. Watoto na vijana. Mtambo ni kama soko. Nafasi ndogo, kila kitu kipo, kila mtu yupo. Ukisimama sokoni Jumamosi utadhani mji wote umejaa hivyo. Lakini watu hawakai sokoni. Changu akikua anahama. Anakwenda kwenye miamba kama hii, au anakaa kwenye matope wazi, ambako sisi hatumtafuti. Ukijumlisha wa matopeni wote, ni wengi kuliko wa mitamboni. Wamesambaa tu, ndiyo maana hatuwaoni."

"Kwa hiyo Ajuza hakuwa anazaa samaki? Alikuwa anawakusanya tu?"

"Hilo wataalamu bado wanabishana. Mimi nadhani ni yote mawili kidogo. Alikusanya, na pia alilisha. Ila nina hakika na jambo moja. Jike mkubwa kama yule, kwa kutaga tu mayai, anawashinda vijana wengi wakikusanywa pamoja. Kijana akifa kabla hajafika umri ule, basi yule mkubwa akivuliwa hana wa kushika nafasi yake."

"Na vijana wameuawa na baruti," alisema Alcide. "Nilikwambia. Wauaji."

Tulianza kuvua. Wa kwanza akapanda, inchi kumi na tatu, macho yametoka, puto mdomoni. Hanh aliingia ndani kuchukua vibandiko. Aliporudi, Alcide alikuwa ameshamtoboa na kumwachia.

Samaki alielea. Alipiga mkia mara mbili, akageuka, tumbo juu.

"Mzee," alisema Hanh. "Umefanya nini pale?"

"Nimetoa upepo. Baba yako hakukufundisha? Wavuvi wa kamba bwana."

"Umetoboa nini?"

"Puto."

Hanh alimtazama, kisha akanitazama mimi. Niliujua uso huo. Ni uso aliokuwa nao akiwa na miaka sita, siku alipotuletea habari kwamba mbwa wetu amegongwa na gari.

Alimvuta yule samaki kwa wavu, akamlaza kwenye ubao wangu wa kukatia.

"Mama Verna, naomba kisu. Huwa unamkataje changu?"

"Minofu ya ubavu huu, minofu ya ubavu huu. Kilichobaki natupa."

"Hufungui tumbo?"

"Kwa nini nifungue? Hakuna nyama humo."

Hivyo ndivyo tunavyokata huku, gati zima. Kisu kinapita pembeni, tumbo linabaki zima na mifupa, linakwenda kwa ndege mwari na kaa. Nimekata changu maelfu na sijawahi kuona ndani ya mmoja.

Hanh alifungua tumbo kwa ncha ya kisu. Alitoa kitu kama mfuko mweupe, kimeshikamana na uti wa mgongo, kimepasuka.

"Hiki ndicho kibofu chake cha hewa. Kiko huku ndani, mgongoni. Samaki akipanda haraka, hewa ya ndani inatanuka, kibofu kinavimba, kinasukuma kila kitu. Sasa Mzee, nipe kidole chako. Shika hapa, huu utumbo. Vuta taratibu."

Alcide alivuta. Puto mdomoni likaanza kurudi. Likaingia kinywani, likapita kooni, likatokea tumboni kama soksi inayogeuzwa. Lilikaa mahali pake. Lilikuwa na tundu la shazia.

"Hilo ni tumbo lake," alisema Hanh. "Si puto. Ukilitoboa, upepo wa kibofu haujatoka. Umemjeruhi tumbo tu. Wengine wanazama, ndiyo. Lakini wanazama na jeraha hilo."

Mashua ilikuwa inapanda na kushuka kidogo. Alcide alikuwa bado ameshika utumbo kwa vidole viwili.

"Miaka thelathini na mmoja," alisema mwishowe.

"Mzee, hata wengine..."

"Usinipake mafuta, binti. Safari ngapi kwa mwaka, Verna?"

"Acha, Alcide."

"Safari mia. Samaki thelathini kila safari. Piga hesabu, wewe si ndiye mwenye kuhesabu?" Alikaa juu ya sanduku la barafu. "Niliwaita wale watu wauaji. Baruti yao ililipuka siku moja. Baruti ni mimi."

Nilitaka kumwambia kwamba niliwaona wale weupe wakielea na mimi sikusema. Sikuweza siku ile. Nilimwambia baada ya wiki, gizani, na akasema alijua.

*

Hanh hakumpa nafasi ya kukaa sana kwenye lile sanduku.

"Mna kreti la maziwa?" aliuliza.

Tulikuwa nalo, la plastiki, tunawekea kamba za mashua.

"Kreti?" alisema Alcide. "Sasa nimekuwa muuza maziwa?"

Hanh aliligeuza, mdomo chini. Alifunga risasi kwenye pembe zake nne, zile chubwi za kuzamishia mshipi, jumla pauni kumi na mbili. Juu, katikati, akafunga kamba ndefu. Samaki wa pili alipopanda, alimshika kwa mikono iliyolowa, akamtoa ndoana haraka, hakumtoboa popote. Akamweka majini, akamfunika na kreti.

"Tazameni. Amevimba, anataka kuelea. Anaelea, anagonga kitako cha kreti, hawezi kutoka. Kreti linazama naye. Akifika chini, uzito wa maji unamkandamiza, hewa inasinyaa, tumbo linarudi lenyewe. Akipata nguvu anatoka kwa mdomo wa chini. Tunavuta kreti tupu."

"Na ile sindano yenye tundu ninayoona dukani, ya kuchoma ubavuni?"

"Inatoa hewa ya kibofu kweli, ukijua mahali hasa pa kuchoma. Ukikosea unachoma moyo au ini. Ukiwa na wageni sita na wimbi, kreti ni rahisi zaidi."

Hanh alikuwa amefunga kamera ndogo ndani ya kreti. Tulipovuta kreti, tuliangalia. Samaki alilala kando, amekakamaa, maji yakizidi kuwa ya buluu. Macho yakaanza kurudi ndani. Puto, yaani tumbo, likaingia kinywani kidogo kidogo. Akakaa sawa. Akatazama huku na huku. Akatoka.

Alcide aliomba arudishiwe picha hiyo mwanzo. Aliitazama mara tano. Mara ya sita alichomoa shazia kwenye kofia, akaiweka kwenye sanduku la vifaa. Hakuitupa baharini.

Siku mbili hizo tulishusha changu sitini na wanne, kila mmoja na kibandiko cha njano mgongoni. Mikono yangu ilikuwa imechubuka kwa kamba. Wakati wa kurudi, Hanh alituachia neno la mwisho.

"Kreti lisiwafanye mkae juu ya wadogo mkiwapandisha na kuwashusha mchana kutwa. Kila anayepandishwa anaumia kidogo, hata akirudi. Wakianza kuja wadogo tu, hameni. Nundu si kubwa."

"Binti," alisema Alcide, "niahidi kitu. Hawa wanazama, sawa, nimeona. Lakini wanaishi? Kesho yake, mwezi ujao? Usiniambie la kunifurahisha."

"Wengi wanaishi. Si wote."

"Wengi wa kitabuni au wengi wa hapa?"

Hanh alikunja kamba yake. "Wa hapa tutajua vibandiko vikirudi, mvuvi akimvua mmoja na kutusomea namba," alisema.

Alcide alimpigia yule kijana wa Grand Isle. Alimwambia amngojee mpaka mwisho wa msimu ujao, kisha atampa jibu moja.

*

Usidhani mambo yalikuwa matamu. Kreti ni kazi. Futi mia na themanini za kamba, chini na juu, mara ishirini kwa siku, na anayevuta ni mimi. Wageni walilalamika. Yule daktari wa meno alirudi, akasema anapoteza muda wa kuvua kwa ajili ya samaki ambaye hata hamchukui.

"Unang'oa jino lisilo bovu ili ukimbilie chakula cha mchana?" nilimuuliza. "Shika kamba."

Alishika. Baadaye aliomba ashike tena.

Gatini ilikuwa mbaya zaidi. Binamu yake Alcide, Percy, nahodha wa miaka sitini na minane, alifanya kreti letu kuwa wimbo. "Maziwa yamefika," alikuwa anaita tukiingia. "Nipeni lita mbili." Alcide alijaribu kumweleza kuhusu tumbo. Percy alimwambia Ovide alikuwa anavua kabla Hanh hajazaliwa, na hata mama yake Hanh hajazaliwa.

"Baba alikosea," alisema Alcide.

"Marehemu hajibu, ndiyo maana unamsema."

"Mimi ninajibu. Nilikosea mimi. Lete changu mmoja nikufungulie."

Percy aliondoka. Kuanzia siku hiyo hatukunywa naye kahawa.

Msimu ukaisha, mwingine ukaanza. Tulikuwa tunahama hama, Nundu kidogo, kisha matope ambayo Hanh alituonyesha, kisha vilima vingine. Hatukujaza sanduku kama enzi za Ajuza, lakini wageni walipata idadi yao na kwenda zao. Samaki wa Nundu hawakupungua tena. Hanh alisema kamera zake zinaonyesha hivyo. Alcide alisikiliza, akaitikia kwa kichwa, lakini nilimjua mume wangu. Alikuwa anashusha kila samaki, kisha anabaki ameshika ukingo wa mashua, anatazama maji. Hakuna kibandiko hata kimoja kilichorudi. Mwaka mzima, hakuna.

"Nadhani tunawazika tu, Verna," aliniambia mwezi wa nane. "Zamani tuliwaacha juu, sasa tunawazika chini wasionekane."

Yule kijana wa Grand Isle alipiga simu. Angekuja Alhamisi kuitazama mashua. Alcide akamwambia, njoo.

Jumatano mchana nilikuwa natwanga kitunguu saumu, Alcide amelala kwenye kiti, simu ikalia. Aliiweka kwenye spika, maana masikio nayo yameanza kumgomea. Alikuwa Percy. Hawakuwa wamezungumza miezi kumi na nne.

"Alcide. Niko gatini. Nina changu hapa ana kitu cha njano mgongoni."

Alcide alikaa wima.

"Soma namba."

"Sifuri, nne, moja, mbili."

Nilimletea daftari lile ambalo Hanh alituachia. Vidole vyangu vilinuka kitunguu, nikalifungua kwa kiwiko. Namba ilikuwepo. Nundu, mwezi wa sita mwaka uliopita, inchi kumi na tatu, kashushwa kwa kreti.

"Ana urefu gani sasa?" aliuliza Alcide.

"Kumi na saba na kitu. Mnono. Nimemvua matopeni, maili tisa kutoka Nundu. Halafu," Percy alikohoa, "nimemfungua tumbo. Ndani kuna kaa wawili, karibu wazima. Tumbo halina hata kovu."

Nilisikia ndege wa gatini kwenye simu.

"Huyu samaki ni wako, Alcide," alisema Percy. "Sijui nimfanyeje. Nikuletee?"

"Alipopanda alikuwa hai?"

"Alinivunjia fimbo."

Alcide alifunika macho kwa kiganja. Mabega yake yalikuwa yanatikisika na hakuyaficha. Nilimwacha.

"Mpike umle, Percy," alisema baadaye. "Ndiyo maana nilimrudisha."

Percy akauliza zile risasi za kreti tunafunga pauni ngapi. Alcide alimwambia kumi na mbili, na kamba isiwe nyembamba, itamkata mikono. Walizungumza juu ya kamba karibu nusu saa, kama wazee wowote wawili.

Alipokata simu alibaki na daftari magotini. Nikarudi kwenye kitunguu changu.

"Verna," aliniita. "Mpigie yule kijana. Mwambie kesho asisumbuke kuja."